Uzi: Askari wa mwili anameza plastiki. Halafu?

Kioo_cha_Hadubini

Wakuu, salaam. Wiki hii nimetumiwa mara tano ile sauti inayosema plastiki ndogondogo "zinaua kinga ya mwili". Nilianza kuwajibu ndugu zangu kwenye kundi la familia, jibu likawa refu kama barua ya posa, nikaona bora nilishushe hapa watu walichambue. Vuteni viti.

Kazi yangu ni maabara ya patholojia. Nyama inayotolewa kwenye upasuaji inaletwa kwetu, tunaikata vipande vyembamba kuliko karatasi, tunatia rangi, daktari anasoma. Nilipokuwa bado mgeni kazini kililetwa kikopo chenye tishu ya mtu aliyewekewa nyonga bandia miaka mingi nyuma, sasa imelegea na inatolewa. Nikaweka kwenye hadubini. Nikaona seli kubwa kubwa zenye viini vingi, na ndani yake mapengo meupe. Nikajua nimeharibu, nimekata vibaya. Mkubwa wangu wa kazi akainama pale, akasogeza kichujio kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Kila kitu kikawa giza, na ndani ya lile giza vikawaka vijiti na vigae vidogo vyeupe, vimejaa ndani ya seli kama vipande vya kioo kwenye mfuko. "Hiyo ni plastiki," akasema. "Ya kikombe cha nyonga."

Zile seli zilikuwa hai hadi siku zilipotolewa mwilini. Hilo ndilo nataka mlishike tangu mwanzo. Plastiki haikuziua zote wala "kufuta kinga". Zilikuwa zimekula kitu kisichomeng'enyeka, na zimekaa nacho.

Seli hizo zinaitwa makrofaji, yaani walaji wakubwa. Aliyezitambua kazi yake ni Élie Metchnikoff, mwaka 1882 kule Messina, Italia. Alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), ambao miili yao ni angavu kama kioo, akawachoma kwa miiba midogo. Asubuhi akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa tulilojua kuhusu seli hizi ni kwamba zikikuta kitu kigeni zinakikimbilia.

Bakteria akimezwa anawekwa kwenye kifuko, kifuko kinaunganishwa na kingine kilichojaa asidi na vimeng'enya (lisosomu), mgeni anayeyushwa, mabaki yanatemwa. Sasa mpe seli hiyo kigae cha polietilini (plastiki ya kawaida, ile ya mifuko). Hakuna kimeng'enya chetu kinachokikata. Kikiwa kidogo kinakaa humo humo. Kikiwa na ncha, au kirefu kuliko seli yenyewe, seli inakwama nacho mdomoni: haiwezi kufunga mdomo, haiwezi kutema, na ule mchanganyiko wa asidi unavuja. Lisosomu ikipasuka ndani, seli huwasha king'ora kinachoitwa inflamasomu ya NLRP3, na king'ora hicho hutoa interlukini 1 beta, ambayo huita seli nyingine zije. Njia hiyo hiyo ndiyo inayowashwa na fuwele za jongo, na vumbi la silika, na asbesto. Hayo yalionyeshwa kati ya 2006 na 2008.

Zikija nyingine nazo zinakuta kigae kile kile. Na zenyewe zinameza. Hapo ndipo unapata mchochota, yaani ule uvimbe wa kinga, lakini usiozimika, kwa sababu kilichouwasha hakiondoki.

Nitaendelea. Ulizeni kwanza.

Asiyeamini_Haraka

Mkuu umeandika vizuri, ila nina tatizo. Nyonga bandia ni kipande cha plastiki kimewekwa ndani ya mwili kwa makusudi, kinasuguliwa kila hatua unayopiga. Hiyo ina uhusiano gani na mtu anayekunywa maji ya chupa? Unatutisha kwa mlango wa nyuma.

Nyuzi_Sita

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

Kioo_cha_Hadubini

@Asiyeamini_Haraka swali zuri, na nitakujibu kwa kisa ambacho mimi sichoki kukisimulia.

Daktari Mwingereza John Charnley ndiye aliyeifanya nyonga bandia iwe ya kuaminika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitumia vikombe (tundu ambamo kichwa cha mfupa wa paja kinazungukia) vya Teflon, plastiki ile inayoteleza. Wagonjwa wa mwanzo walifurahi. Baada ya miaka michache vikombe vikalika, na kuzunguka nyonga kukajaa uji wa chembe za Teflon na tishu iliyovimba. Ikabidi awafungue tena, mmoja mmoja. Mwaka 1962 akahamia polietilini. Lakini kabla hajaiamini alifanya kitu ambacho leo kamati yoyote ya maadili ingemfukuza mlangoni: alijidunga mwenyewe, kwenye paja lake, chembe za Teflon na chembe za polietilini. Baada ya miezi, palipodungwa Teflon palikuwa na vinundu unavyovipapasa kwa kidole. Palipodungwa polietilini, karibu hakuna kitu. Akaliandikia hilo jarida la Lancet mwaka 1963.

Mtu angesema basi, polietilini ni salama. Lakini vikombe vya polietilini navyo vililika taratibu, na miaka ilivyozidi chembe zake, nyingi chini ya mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), zikamezwa na makrofaji, makrofaji zikatoa ishara, ishara zikaamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa ukaliwa, nyonga ikalegea. Hakuna bakteria hata mmoja. Tiba yake kubwa haikuwa dawa: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walianza kutumia polietilini iliyofungamanishwa kwa mionzi, isiyolika haraka. Chembe zikapungua, ugonjwa ukapungua.

Kwa hiyo unachosema ni kweli, dozi ya nyonga haifanani na ya maji ya kunywa. Kisa hiki ninakitumia kwa sababu ni mahali ambapo hatuhitaji kukisia kama seli ya binadamu hai inakasirishwa na plastiki. Tunajua inakasirika, na tunajua kinachoamua ni aina, ukubwa, umbo, na wingi. Paja la Charnley lilipewa kidogo mara moja. Nyonga ilipewa kila siku kwa miaka.

Mama_Wawili

Jamani mimi nasoma huku natetemeka. Mwanangu wa miezi minne ananyonya chupa ya plastiki. Nimesoma mahali kwamba inatoa mamilioni ya chembe. Ni kweli au ni ya kutisha watu? Na ile ya kwamba kila wiki tunakula plastiki yenye uzito wa kadi ya benki?

Kioo_cha_Hadubini

Dada, pumua kwanza. Naanza na kadi.

Ile hesabu ya gramu 5 kwa wiki ilitoka 2019. Ilisambaa kwa sababu kila mtu ana kadi mfukoni na anaweza kuiona. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walifanya hesabu upya kwa chakula, maji na hewa, wakapata kwa mtu mzima wa kati kama nanogramu 583 kwa siku (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, mikrogramu ni ya milioni). Fanya kwa wiki, ni kama mikrogramu 4. Kutoka gramu 5 hadi mikrogramu 4 ni tofauti ya zaidi ya mara milioni. Kwa hiyo kadi ya benki tuiache mfukoni.

Ya chupa ya mtoto ni ya kweli, ilitoka Dublin mwaka 2020. Walichunguza chupa za polipropilini, na kinachonivutia ni jinsi joto linavyobadilisha kila kitu: kwa maji ya nyuzi 25 walihesabu kama chembe 600,000 kwa lita, kwa maji ya nyuzi 95 zikafika milioni 55. Chupa ile ile. Wao wenyewe walipendekeza njia: chemsha maji kwenye chombo kisicho cha plastiki, changanyia maziwa kwenye chombo cha kioo au chuma, yakishapoa hadi vuguvugu ndiyo uyatie kwenye chupa. Baada ya kuchemsha chupa kuua vijidudu, isuuze mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye chombo kisicho cha plastiki na kupozwa. Usiache kuichemsha! Bakteria kwenye chupa chafu anamdhuru mtoto leo, hilo halina mjadala.

Na milioni 55 isikutishe kwa ukubwa wa tarakimu. Chembe zikiwa ndogo, milioni ni vumbi usiloliona kwenye mizani.

Mama_Wawili

Asante sana kaka. Nimeshachukua jagi la kioo.

Maji_Mengi

Hapo kwenye "mizani" nakukatiza mkuu. Kwa kinga uzito ndio kipimo kibaya kabisa. Gramu moja ya kokoto na gramu moja ya unga hazina eneo sawa la juu. Chembe ndogo ndizo zinazopenya. Kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wa 2024 walipata kama chembe 240,000 kwa lita ya maji ya chupa, na karibu asilimia 90 zilikuwa nanoplastiki, chini ya mikromita 1. Vipimo vya zamani havikuwa vinaziona hizo.

Kioo_cha_Hadubini

@Maji_Mengi nakubali, umenisahihisha. Uzito unafaa kuzima ya kadi, haufai kupimia hatari.

Na ukubwa ndio unaoamua njia. Kubwa kuliko mikromita 150, Shirika la Afya Duniani lilisema 2019, zinatarajiwa kupita na choo bila kuingia mwilini. Ndogo zaidi zina mlango: kwenye ukuta wa utumbo kuna seli ziitwazo seli M, kazi yao ni kuchota sampuli ya vilivyomo tumboni na kuwapelekea askari walio nyuma ya ukuta waikague. Mlinzi wa geti ndiye anayeingiza mgeni, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa.

Halafu chembe haiingii uchi. Ikigusa damu tu, protini zinaikumbatia na kuifunika joho. Seli haikutani na plastiki, inakutana na lile joho. Protini fulani zikikaa pale, seli inasoma "mle huyu". Nyingine zikikaa, inapita bila kuiangalia. Ndiyo maana plastiki ile ile inaweza kuleta matokeo mawili kwenye maabara mbili, na watu wakarushiana maneno kumbe tofauti ni seramu (maji ya damu yenye protini) waliyotumia.

Asiyeamini_Haraka

Na mimi naongeza la kwangu kwenye hizo maabara. Nimepitia tafiti kadhaa. Karibu zote wanatumia vishanga vya polistirini, aina moja ya plastiki: mviringo kamili, vipya, vya kununua. Nani kati yetu anavuta hewa yenye vishanga? Tunavuta nyuzi za nguo na vumbi la matairi. Na dozi wanazowapa panya ni za kumzika panya.

Kioo_cha_Hadubini

Umepiga pale pale. Na kuna la aibu zaidi: vishanga vya dukani mara nyingi huja ndani ya maji yenye sodiamu azidi, kihifadhi ambacho ni sumu. Kuna watu walipima wakagundua kwamba sumu waliyoihesabia plastiki ilikuwa ya kihifadhi. Vilevile plastiki ikibeba mabaki ya ukuta wa bakteria hata kiduchu, makrofaji itawaka kama petroli, na wewe utaandika "plastiki imeleta mchochota".

Kichekesho ni kwamba vishanga hivyo hivyo vya polistirini vimetumika maabara kwa miongo mingi kupima kama makrofaji zina afya. Unaziwekea, unasubiri, unahesabu zimemeza vingapi. Zikimeza vingi tunasema seli nzuri! Hatukuwahi kuuliza kesho yake inakuwaje. Siku hizi wanauliza. Kuna kazi ya Chuo Kikuu cha New Mexico ya 2022 iliyoonyesha makrofaji iliyomeza polistirini inabadilisha namna inavyochoma sukari, inaelekea kwenye ule mwendo wa seli iliyo vitani. Haijafa. Iko kazini, ila akili haiko kazini.

Kuhusu nyuzi, hapo hatutegemei panya. Miaka ya 1990 huko Amerika Kaskazini wafanyakazi wa viwanda vinavyokata nyuzi za nailoni kuwa manyoya mafupi ya kubandika kwenye vitambaa walianza kukohoa na kuishiwa pumzi. Mapafu yao yakachunguzwa, yakakutwa yamejaa limfosaiti (aina ya seli nyeupe za kinga) kuzunguka njia za hewa. Ugonjwa huo ukapewa jina lake, ukaripotiwa 1998. Wengine walipata nafuu walipoacha kazi ile. Ni dozi ya kiwandani, ndiyo. Lakini ni watu.

Jicho_la_Tatu

Vipi kuhusu ule utafiti wa plastiki kwenye mshipa wa shingo? Ile ndiyo iliyonifanya niache vyombo vya plastiki.

Kioo_cha_Hadubini

Ile ya Italia, jarida la New England, Machi 2024. Walichukua utando wa mafuta uliokwanguliwa kwenye mishipa ya shingo ya wagonjwa 257 waliofuatiliwa hadi mwisho. Kwa 150 kati yao walikuta polietilini. Wakawafuatilia kama miezi 34. Waliokuwa na plastiki, 30 kati ya 150 walipata shambulio la moyo, kiharusi, au walifariki. Wasiokuwa nayo, 8 kati ya 107. Wakirekebisha kwa umri, kisukari na mengine, hatari ilikuwa mara 4.5. Na kwa mada yetu: kwenye utando wenye plastiki walikuta ishara za mchochota ziko juu, interlukini 1 beta, interlukini 6, na wenzao, pamoja na alama za makrofaji zenyewe.

Asiyeamini_Haraka

Uhusiano si chanzo. Labda mwenye mishipa mibovu ndiye anayenasa plastiki zaidi. Na soma kiasi walichotaja: wastani wa mikrogramu 21.7 za polietilini kwa kila miligramu ya utando. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya asilimia 2 ya uzito! Wewe mtu wa hadubini, asilimia 2 ungeikosa?

Kioo_cha_Hadubini

Haha. Hapo umenibana. Nisingeikosa, ingewaka kama ile nyonga.

Tatizo liko kwenye kipimo. Wanaichoma sampuli bila oksijeni na kusoma harufu ya vipande vinavyotoka. Polietilini ni mnyororo mrefu wa kaboni na hidrojeni. Mafuta ya mwili nayo yana minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni. Ukiunguza vyote viwili, baadhi ya vipande vinafanana. Sampuli ikiwa na mafuta yasiyoondolewa vizuri, mashine inaweza kuyaita plastiki. Utando wa mshipa ni mafuta. Ubongo ni mafuta. Ndiyo maana ile kazi ya 2025 iliyosema imekuta plastiki kwenye ubongo imepigwa maswali mazito, na mimi nayaona ya haki. Lakini wale wa Italia waliangalia pia kwa hadubini ya elektroni na wakaona vigae vyenye ncha ndani ya makrofaji. Kwa hiyo kuwepo nakubali. Kiasi, sikubali bado.

Ya damu, ya Uholanzi 2022, iliyokuta plastiki kwa wachangiaji 17 kati ya 22, nayo nasoma hivyo hivyo. Hata kondo la nyuma, 4 kati ya 6, jumla vipande 12 tu. Vipande 12! Kwenye chumba ambacho kila glavu, kila bomba, kila koti ni plastiki. Wale walijitahidi, walitumia glavu za pamba na vifaa visivyo vya plastiki hadi kwenye chumba cha kujifungulia. Wengi hawajitahidi hivyo.

Maji_Mengi

Msisahau kemikali zinazotoka kwenye plastiki. Bisfenoli A. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilishusha kiwango kinachovumilika mara 20,000, kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya mwili kwa siku. Na sababu waliyoiweka mbele ilikuwa kinga, ongezeko la seli T (askari wengine wa kinga) aina ya Th17 kwa panya. Hizo ndizo zinazohusishwa na magonjwa ya kinga kujishambulia.

Kioo_cha_Hadubini

Sahihi, na nilikuwa naisahau. Ongeza tu kwamba taasisi ya Ujerumani, BfR, iliwapinga na kuweka nanogramu 200, yaani mara 1,000 juu zaidi, ikisema ushahidi wa zile seli za panya hautoshi kubeba uzito huo. Hata hivyo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku bisfenoli A kwenye vifaa vinavyogusa chakula, Desemba 2024.

Tiba_Asili_Original

Kuna unga unaosafisha plastiki kwenye damu ndani ya siku 21. Njoo inboksi.

Nyuzi_Sita

Huyu naye hakosi.

Kioo_cha_Hadubini

@Tiba_Asili_Original makrofaji yenye asidi na vimeng'enya vyote imeshindwa miaka kumi, unga wako unaingiaje ndani ya ile seli? Nieleze hapa hadharani, inboksi siji.

Jicho_la_Tatu

Kwa hiyo wewe mwenyewe nyumbani umebadilisha nini? Ukweli.

Kioo_cha_Hadubini

Machache. Chakula cha moto hakigusi plastiki kwangu, na sipashi chakula kwenye kopo la plastiki. Vumbi nafuta kwa kitambaa kibichi badala ya kulipeperusha, maana vumbi la ndani limejaa nyuzi za nguo na mazulia. Kazini nikikata vifaa vya plastiki navaa barakoa. Maji ya chupa nanunua nikiwa sina njia nyingine. Barakoa yenyewe ni ya polipropilini, msinicheke.

Asiyeamini_Haraka

Nacheka. Ila umejitahidi. Swali la mwisho: zile slaidi za nyonga bado unazo?

Kioo_cha_Hadubini

Zipo kwenye kabati la mafunzo. Kila anayeanza kazi namwekea moja bila kumwambia kitu, nasubiri aniambie amekata vibaya.